Zambarau ya elfu tisini, au kwa nini mche wako hauhitaji taa

Geto, Mafiga. Jumapili, saa nne usiku

Najua nimepotea, tulikuwa kwenye testi mfululizo na mwenye akili alikuwa anakula desa, hana muda wa kuandika. Leo nimepumua kidogo. Mvua imenyesha tangu alasiri, Lupanga haionekani kabisa, imejifunika wingu mpaka mabegani kama bibi aliyetoka kuoga. Nimekaa kitandani, juu ya meza kuna tubu mbili nyeupe zinawaka, na nimeamua kuandika kitu ambacho nimekikwepa kwa miezi kadhaa kwa sababu ya aibu.

Nataka kuongea kuhusu taa za kukuzia mimea. Zile zinazotoa mwanga wa zambarau. Siku hizi kila baada ya wiki mbili kuna mtu kampasi ananiuliza: "Oyaa, we si wa bustani, ninunue taa gani nioteshee miche chumbani?" Wa kwanza nilimjibu kwa mikogo. Huyu wa mwisho, wa juzi pale kantini, nilimwambia akae chini nimsimulie. Msimamo wangu nausema mapema ili asiyependa hadithi ndefu aondoke na kitu: kwa mtu anayeishi Morogoro, taa kwa ajili ya miche ya mboga ni hela ya kutupa. Na kama una sababu ya kweli ya kutumia taa, usinunue zambarau. Nunua tubu nyeupe za kawaida za dukani, zishushe karibu na mmea, na kabla ya yote uliza nani analipa umeme.

Sasa hadithi.

Mwaka jana bumu lilipotoka mimi na mshkaji wangu wa chumba (nitamwita Desa, mwenyewe anajijua) tulipata mchongo. Mama yangu mdogo analima Mgeta, kule juu, na alitaka miche 600 ya pilipili hoho. Akatupa kianzio cha elfu sitini. Tukasema hii ndiyo nafasi. Geto letu lina dirisha moja linaloangalia ukuta wa jirani, giza saa zote, kwa hiyo tukaona tunahitaji taa. Desa akaingia mtandaoni. Akarudi na macho yamemtoka: wenzetu Marekani wanakuza kila kitu chumbani, wana taa za zambarau, za wati 1000!

Tukazipata Dar, duka moja ambalo sitalitaja. Elfu tisini kila moja, tukachukua mbili. Laki na themanini. Kwa posho ya chakula ya elfu kumi kwa siku, hizo ni siku kumi na nane za kula. Tulikula ugali na dagaa mpaka dagaa wenyewe wakatuonea huruma.

Tukazifunga darini, kwenye boriti, pale palipokuwa na misumari tayari. Trei chini sakafuni. Tukawasha kuanzia saa kumi alfajiri mpaka saa nne usiku, saa 18 kila siku, maana Desa alisoma kwamba ndivyo inavyotakiwa. Chumba kikawa kama klabu ya usiku. Mbegu zikaota vizuri, tukapigana tano. Halafu wiki ya pili miche ikaanza kurefuka. Tukafurahi! Wiki ya tatu ilikuwa mirefu, myembamba, na majani mawili juu kama mtu aliyenyoosha mikono akiomba msaada. Ukiigusa inalala. Mimi ni mwanafunzi wa bustani mwaka wa tatu, jamani. Hiyo kitu nilishaijibu kwenye mtihani: mche unaorefuka hivyo unatafuta mwanga. Nilipata alama zote kwenye swali hilo. Na bado nilisimama mbele ya miche 600 inayotafuta mwanga chini ya taa mbili za "wati 1000" nikasema labda ni mbolea.

Ngoja niseme tatizo lilikuwa nini, maana hapa ndipo penye somo.

Kwanza, wati. Wati ni umeme taa inayokula, hazikuambii mwanga inaotoa. Lakini hata hizo wati zenyewe zilikuwa za kwenye boksi tu. Siku moja nilizima kila kitu nyumbani, mama mwenye nyumba akiwa kanisani, nikabakiza taa zetu mbili, nikaenda kusimama mbele ya mita ya LUKU. Kwenye mita yetu kuna kataa kadogo kekundu kanakopepesa, na pembeni pameandikwa 1000 imp/kWh. Maana yake kakipepesa mara elfu moja umetumia uniti moja. Kila kupepesa ni wati moja kwa saa. Nikahesabu kwa dakika kumi na tano: mara 52. Zidisha kwa nne, 208 kwa saa. Yaani taa mbili zilikuwa zinakula wati 208, kila moja 104. Boksi limesema 1000! Siku hizi huo ni mchezo wa biashara hii dunia nzima: wanaandika jumla ya uwezo wa vijitaa vyote vikisukumwa mpaka mwisho, au wanaandika taa "inalingana" na balbu ya zamani ya ukubwa fulani. Kwa hiyo somo la kwanza, na halihitaji kifaa chochote zaidi ya mita iliyopo ukutani: hesabu mwenyewe. Angalia tu mita yako imeandikwa ngapi, nyingine ni 1600 au 3200.

Pili, umbali. Hapa siwezi kumlaumu mwenye duka, hapa ni sisi. Taa ndogo ukiiweka mbali mara mbili, mwanga unaofika kwenye jani haupungui nusu, unabaki kama robo. Mara tatu, moja ya tisa. Ni kama kuota moto: ukisogea hatua mbili nyuma unaanza kutafuta sweta. Sisi taa zilikuwa darini, trei sakafuni. Tulikuwa tunamulika kuta, kitanda cha Desa na viatu vyangu. Miche ilipata makombo.

Tatu, hiyo rangi yenyewe. Zambarau ina historia yake na si uongo wote. Watafiti waliofadhiliwa na NASA walianza zamani, miaka ya themanini mwishoni, kujaribu vijitaa vyekundu vya LED kwa mimea ya anga za juu, kwa sababu wakati huo nyekundu ndiyo ilikuwa imepatikana vizuri, na jani linaitumia vizuri kweli. Bluu ikaongezwa ili mmea usirefuke ovyo. Nyekundu na bluu ukichanganya unapata zambarau. Lakini LED nyeupe leo ni kijitaa cha bluu kilichopakwa unga unaogeuza sehemu ya bluu kuwa njano na nyekundu. Ile bluu iliwapa Wajapani wawili na Mmarekani mmoja mzaliwa wa Japani tuzo ya Nobel mwaka 2014. Kwa hiyo nyeupe ina bluu, ina nyekundu, na ina kijani katikati, na jani linatumia kijani pia kuliko tulivyofundishwa sekondari. Zaidi ya hapo, chini ya nyeupe unaona ugonjwa. Chini ya zambarau jani la njano na jani la kijani yote ni meusi. Sisi tulikuwa na utitiri kwenye trei tatu na hatukuuona mpaka siku tuliyotoa trei nje.

Na nne, kitu ambacho hakimo kwenye boksi: majirani.

Basi bwana, usiku mmoja saa tatu hodi. Nafungua, mwenyekiti wa mtaa na vijana wawili wa ulinzi shirikishi. Nikatoa shikamoo, akaitikia huku anaangalia juu ya bega langu. "Mwanangu, watu wanasema humu ndani unalima mambo." Dirisha letu lilikuwa linatoa zambarau mpaka barabarani, wiki ya tatu hiyo. Na milima yetu hii, tusidanganyane, ina sifa yake. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imeshafyeka mashamba ya bangi huko Morogoro vijijini. Nikawakaribisha ndani. Wakaona hoho. Mmoja wa wale vijana akachuma jani, akanusa, akatafuna, akatema. "Hoho," akasema, kama hakimu. Mwenyekiti akacheka, lakini alipokuwa anaondoka akaniambia kwa upole nisiwape watu sababu ya kusema. Desa hakutoka chooni mpaka wameondoka.

Tukicheka sana baadaye, nikaelewa jambo moja. Ushauri mwingi tuliousoma haukuandikwa kwa ajili yetu, na haukuandikwa kwa ajili ya hoho. Umeandikwa na watu wa Colorado, ambako bangi iliruhusiwa kwa kura mwaka 2012, au Kanada, walikoiruhusu mwaka 2018. Ni mmea unaopenda mwanga mkali sana, unalimwa ndani kwa sababu nje kuna theluji, na mwenye nao anauza kwa bei inayolipa umeme. Soko la taa za zambarau za bei chee limekuzwa sana na huko. Hapa kwetu kulima bangi ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2015, na kifungo chake kinatajwa kwa miaka thelathini, si miezi. Kwa hiyo kama kuna anayesoma hapa akiwa na wazo hilo, ndugu yangu, taa ndiyo kitu cha mwisho cha kukuumiza kichwa. Umri wako uliobaki ndio wa kwanza. Sisi wengine tulichukua ushauri wa mmea wa watu, wa nchi ya baridi, tukauleta Mafiga kwa hoho ambayo jua lipo mlangoni bure. Huo ndio ujinga ninaousema.

Lakini ujinga haukuwa mbaya peke yake. Mbaya ni wa mama mwenye nyumba.

Mama huyu ni mjane, anauza maandazi asubuhi, sisi wapangaji tuko watatu, mita ni moja. Makubaliano yalikuwa kila mpangaji atoe elfu mbili ya umeme kwa mwezi. Nyumba nzima ilikuwa inatumia kama uniti 60. Wanaotumia kidogo, uniti 75 za mwanzo za mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi. Ukizidi hapo kila uniti inaruka mpaka 350. Na ukizoea kuzidisha unahamishwa kabisa kwenye kundi jingine la bei. Sasa piga hesabu nami. Uniti 60 na kodi zake ni kama 7,300. Taa zetu: wati 208 kwa saa 18 ni karibu uniti tatu na robo tatu kwa siku, 112 kwa mwezi. Ongeza 60, 172. Sabini na tano kwa 100, tisini na saba kwa 350, weka kodi: elfu hamsini na ushee. Kutoka elfu saba!

Mama hakujua. Alinunua umeme wa elfu tano kama kawaida ukaisha kabla ya wiki. Akanunua tena. Akadhani friji imeharibika, akamwita fundi, fundi akala elfu kumi akasema friji nzima. Akaizima friji. Samaki wake wakaoza. Mimi nilikuwa napita uani namwona anahesabu sarafu kwenye kanga, na nilishaanza kuhisi, na nikanyamaza. Nilinyamaza siku tisa tangu siku ile niliyohesabu kataa ka mita. Nimeandika hii sentensi mara tatu nikaifuta, lakini iache ikae. Nilijua siku tisa.

Nilipomwambia hakupiga kelele. Nilipiga magoti pale jikoni nikasema mama ni sisi, ni zile taa. Akaendelea kukanda unga. Halafu akasema, "Ungeniambia, mwanangu, ningekupa ua wangu. Pale kwenye mwembe kuna jua kutwa nzima." Tu. Afadhali angenitukana.

Tulimlipa elfu arobaini na tatu ile iliyozidi, na ya fundi, na ya samaki, kwa mafungu, tukamaliza mwezi wa pili yake. Zambarau moja tuliiuza kwa elfu ishirini na tano kwa mtu ambaye tulimweleza kila kitu na bado akaitaka. Nyingine iko uvunguni.

Miche tulimpelekea mama mdogo hivyo hivyo, ile iliyosimama. Ilikuwa kama 200. Akaipanda kwenye tuta, jua la Mgeta la siku mbili likaibabua, maana ilikuwa haijawahi kuona jua. Nilirudisha kianzio chake, lakini msimu haurudishwi. Alinichukua kwenye kitalu cha jirani yake, bibi mmoja mtu mzima, matuta yake yamefunikwa chanja ya nyasi, chini yake miche mifupi, minene, kijani kibichi. Bibi akaniuliza nasoma nini. Nikamwambia kilimo, Sokoine. Akamwangalia mama mdogo, akaniangalia mimi. "Mche unaufungia ndani, jua limekukosea nini?"

Sina jibu mpaka leo.

Haya, hesabu za bibi ni hizi, nimezifanya baadaye kwa lugha ya darasani. Mmea hauhesabu wati wala hauhesabu uzuri wa taa machoni. Unahesabu chembe za mwanga zinazofika kwenye jani kwa siku nzima. Wanazipima kwa moli. Mahali pa wazi hapa Morogoro siku ya jua zuri hupata kama moli 35 mpaka 40 kwa kila mita ya mraba. Weka chanja ya nyasi au neti inayokata nusu, bado una 17 au zaidi. Mche wa mboga ukipata 10 mpaka 15 umeshiba. Yaani bibi kwa nyasi za bure anatoa mwanga kuliko geto zima lenye waya.

Sasa na taa? Chukua tubu ya LED ya futi nne, wati 18, ile ya kawaida ya kuwasha sebuleni. Inatoa kama lumeni 1,800. Funga nne juu ya rafu ya mita moja na robo kwa nusu mita, zishushe vizuri, waka saa 16: unapata kama moli 7. Saba! Kwa uniti 35 za umeme kwa mwezi. Hapo umejenga kivuli cha mwembe kwa gharama kubwa. Nani anataka kununua kivuli?

Ndiyo maana nasema kwa miche ya mboga hapa kwetu, jua kwanza, jua pili, neti tatu. Kama geto halina jua, omba ua. Omba paa. Kuna jamaa wa mwaka wa pili wanaotesha nyanya juu ya tangi la maji la hosteli na zinapendeza.

Lakini sitaki kuwa mtu aliyeungua ulimi akasema chakula chote ni cha moto. Kuna kazi ambazo taa ni lazima. Maabara ya tishu ndiyo mfano. Migomba ile ya chupa, tishu ndogo kama punje inayokuzwa kwenye dawa bila udongo, haiwezi kutoka juani, itachemka humo ndani ya chupa. Inakaa kwenye rafu, chini ya tubu nyeupe za kawaida, saa 16 zinawaka saa 8 zinazimwa, joto kama 25. Mara ya kwanza nilipoingia maabara ya namna hiyo baada ya balaa letu nilisimama mlangoni nikacheka peke yangu. Hakuna zambarau. Tubu nyeupe zimeshushwa mpaka karibu zinagusa chupa. Watu wenye shahada tatu wanatumia taa ya sebuleni, mimi nilikopa kula ninunue ya diski.

Na kuna mfano mwingine ambao unanikaa moyoni zaidi. Mwaka 1892 ofisa mmoja wa Kijerumani kule Tanga, Saint Paul-Illaire, alituma Ulaya kaua kadogo ka zambarau alikokapata Usambara. Mwaka uliofuata kakapewa jina la Saintpaulia. Leo kako madirishani dunia nzima. Wamarekani wana chama chao kabisa cha kaua haka tangu 1946, na wapenzi wake wengi wanakakuza ndani, kwenye rafu, chini ya tubu nyeupe, vizazi na vizazi. Na ndugu yake mmoja, goetzeana, ni wa milima yetu hii hii ya Uluguru, anakaa juu huko msituni, kwenye miamba yenye unyevu, kwenye kivuli. Mwaka 2015 wataalamu waliingiza jamii yote kwenye jina la Streptocarpus, lakini watu wamebaki na la zamani. Kaua haka hakataki jua kali, linakaunguza. Moli nne au tano kwa siku kanatosheka na kanatoa maua.

Moli nne! Hiyo ndiyo kazi ya geto lenye giza.

Kwa hiyo ndicho kilicho mezani kwangu sasa hivi. Nimenunua vyungu viwili vya wale wa bustani (wa kufugwa, siyo wa msituni; msituni hakuna kung'oa kitu, ile ni hifadhi tangu 2008), nimekata majani, nimeyachomeka kwenye mchanga na samadi iliyooza, jani moja linatoa vitoto kadhaa. Tubu mbili za wati 18, elfu sita kila moja na kishikizo chake. Rafu ina upana wa sentimita 30 tu ili mwanga usimwagike. Zinawaka saa 12 kwa siku: uniti 13 kwa mwezi. Sitini za nyumba na kumi na tatu, 73. Tuko chini ya 75, na mama ameiona hesabu hiyo kwenye karatasi kabla sijapigilia msumari hata mmoja. Aliuliza maswali kuliko mwalimu wangu.

Kwa anayetaka kufanya kwa sababu ya kweli, mpangilio wangu ni huu, na haujanigharimu zaidi ya elfu ishirini na tano.

Tubu zining'inie kwa mnyororo au kamba, siyo zipigiliwe, ili uzishushe na kuzipandisha mmea unapokua. Mimi nazikalisha sentimita 20 juu ya majani. Yakianza kupauka au kujikunja nainua, yakianza kurefuka nashusha. Ncha za tubu zina mwanga hafifu kuliko katikati, kwa hiyo kila Jumamosi nahamisha vyungu, wa pembeni anakuja kati. Nyuma na pembeni nimeweka karatasi nyeupe za maboksi; chokaa pia inafaa, na wala huhitaji kioo. Simu yako ina programu ya kupima mwanga kwa luksi: usiamini namba yenyewe sana, lakini kulinganisha kati na pembeni inakusaidia. Kwa taa nyeupe ukigawa luksi kwa 68 hivi unapata kadirio la chembe zinazofika kila sekunde. Yangu inasoma kama 7,000 katikati. Inatosha.

Weka taima ya soketi. Usitegemee kukumbuka, wiki ya testi hukumbuki hata kula. Na giza ni lazima. Mmea unapumzika, nyanya ukiimulika usiku na mchana majani yake yanakuwa ya njano. Waya: soketi ikae juu kuliko maji, na waya uning'inie chini kwanza kabla haujapanda kwenye soketi, ili tone la maji lidondokee sakafuni lisiingie ndani. Usiunge nyaya kwa selotepu. Tafadhali. Chumba cha mwanafunzi kina magodoro na madesa, vyote vinawaka vizuri sana.

Na ukitoa mche wowote kutoka kwenye taa kwenda juani, mpe wiki. Siku ya kwanza saa moja ya asubuhi, kesho yake mbili, mpaka azoee. Wa mama mdogo niliwatoa gizani nikawaweka kwenye tuta siku hiyo hiyo. Kama kumtoa mtu chumba cha wagonjwa kumpeleka kubeba zege.

Vitoto vimeshatokeza kwenye majani kumi na moja kati ya kumi na nne. Vikikua nitauza kwenye mahafali, nina hakika kuna watu watanunua ua hai badala ya maua ya plastiki yenye pambo. Chungu cha kwanza kitakachochanua si cha kuuza, ni cha mama mwenye nyumba. Cha pili natamani nikipeleke kwa bibi wa Mgeta. Najua atauliza kwa nini hiki nacho nimekifungia ndani. Safari hii nitakuwa na la kumjibu.

Saa tano sasa, taima imezima tubu muda si mrefu na naandika kwa mwanga wa simu. Mvua bado. Desa anakoroma. Wadau, kabla hujatoa hela ya bumu kununua kitu chenye boksi zuri, nenda kasimame mbele ya mita dakika kumi na tano. Na kama mita si yako, gonga kwanza mlango wa mwenyewe.

Usiku mwema.